Wahamiaji wa Mlimbo

Katika Jamhuri ya Neemani watu hawafi ovyo. Mgeni huambiwa jambo hili mpakani, kabla hata ya kuulizwa jina lake, ili ajiandae.

Zamani, nchi ilipokuwa bado gizani, kila mtu alikufa siku iliyomfaa bila kushauriana na yeyote, na ndugu zake wakamzika kabla ofisi hazijafunguliwa. Mambo hayo yalikoma pale Mtukufu Baba wa Wengi, rais wa nchi hiyo, alipoalikwa kwenye mkutano wa mataifa. Huko alionyeshwa chati kubwa ya ukutani iliyojaa vijiti vya rangi, na kijiti cha Neemani kilikuwa kirefu kuliko vyote. Mtukufu alisimama, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akangoja makofi. Ndipo rais wa nchi jirani alipomnong'oneza kwamba vile vijiti vilikuwa vya vifo.

Alirudi nyumbani amenuna. Wataalamu wake wakamweleza kwamba kiwango cha vifo hushuka watu wakipata maji safi, zahanati na wakunga. Akauliza hayo yatachukua muda gani. Wakamjibu kwamba yatachukua miaka mingi. Akawashukuru, akawaaga kwa heshima zote, na tangu hapo hawajaonekana.

Aliyeokoa jahazi ni Profesa Lwambano, aliyetunukiwa uprofesa na Mtukufu mwenyewe kama zawadi ya harusi. "Mtukufu," alisema, "kiwango ni namba, na namba zinakaa ofisini. Kwa nini tuhangaike vijijini kutafuta kitu kinachokaa ofisini?" Kabla jua halijazama alikuwa Waziri wa Idadi, Msongamano na Utulivu.

Alianza na msongamano. Alipoelezwa kwamba msongamano ni idadi ya watu kugawanya kwa eneo la ardhi, aliwaacha watu kama walivyo, akaagiza ardhi ipimwe upya, safari hii milima ipimwe wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Nchi ikaongezeka kwa theluthi bila kupigana na jirani hata mmoja. Familia zilizokuwa zikilala watu saba chumba kimoja zilipongezwa redioni kwa nafasi kubwa walizoongezewa.

Kisha akageukia vifo. Kila wilaya ilipewa nafasi za kufa tisa kwa kila watu elfu moja kwa mwaka, na wananchi wakaombwa wazitumie kwa busara. Atakayezika nje ya kiwango atafungwa jela, na marehemu wake atafukuliwa na kurudishwa nyumbani mpaka nafasi ipatikane. Wilaya ya Nundu, ambayo ilikuwa maskini, haikuwa na busara hata kidogo. Nafasi zake zilikwisha kabla ya mavuno. Hata hivyo kibao cha bluu kilisimama kwa fahari kwenye njia ya kuingilia: KARIBU NUNDU. HAPA HATUFI KUPITA KIWANGO.

*

Katika wilaya hiyo, kijiji cha Itambo, aliishi fundi cherehani mmoja aitwaye Skolastika. Alikuwa na wajukuu tayari, lakini jioni, akishafunika cherehani yake, alijitanda khanga akaenda kwenye ukumbi wa kanisa kusoma elimu ya watu wazima. Utotoni aliachishwa shule ili alee wadogo zake, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwomba Mungu amrudishe darasani walau kwa mlango wa nyuma. Mungu alimrudisha. Alikaa dawati la mbele.

Hakufungua daftari bila kusali. Jiografia ya watu ilimgusa kuliko masomo yote, kwa kuwa kila alichofundishwa humo alikiona kama orodha ya watu wa kuombewa. Mwalimu Fungameza alipochora ubaoni piramidi ya watu, watoto wengi chini, vijana katikati, wazee wachache kileleni, Skolastika alianza kuiombea ngazi kwa ngazi kila alipopiga magoti kitandani. Alianza na wachanga. Kwa sababu ya uchovu wa kazi, usingizi ulimchukua karibu kila siku akiwa kwenye vijana.

"Ndiyo maana miguu yangu haiponi," alilalamika mama yake, Bibi Semeni, aliyekuwa mzee kuliko watu wote wa Itambo na mwenye ulimi mkali kuliko wote. "Mimi niko kileleni. Sala zako zinaishia kwa vijana."

"Leo nitaanzia juu, mama."

"Anzia popote, mradi ufike. Leo mmesoma nini?"

"Utegemezi. Wako watu wanaofanya kazi, na wako wasiofanya kazi, wanaowategemea wale wanaofanya."

"Kama waziri?"

"Hapana, mama." Skolastika aliona aibu, lakini mwalimu alikuwa amesisitiza. "Kama wewe."

Bibi Semeni alicheka mpaka akakohoa. "Haya, mwambie mwalimu wako kwamba mtegemezi ndiye aliyepepeta mchele wa wali uliokula mchana. Na ndiye aliyekuogesha. Na ukichelewa tena darasani, mtegemezi atakula wali wote."

Itambo haikuwa na bomba. Maji yalichotwa kwenye dimbwi la Kinyasi, ambalo ng'ombe nao walilipenda. Zahanati nusura wapate: saruji ilifika, ikapangwa chini ya mti, watoto wakaichezea. Kisha likaja lori, likaichukua kwenda kujenga Piramidi ya Watu mbele ya ofisi ya wilaya, mnara mkubwa wa ngazi ngazi, ili wananchi wajione walivyo. Siku ya uzinduzi Waziri Lwambano aliwaambia watu wa Itambo wasinung'unike, kwani wao nao wamo ndani ya ule mnara, karibu na chini.

Tumbo la Bibi Semeni lilipoanza kumsumbua, alijua maji yametoka wapi, na alijua pia kwamba yeye si kijana.

"Mwanangu," alisema, "utanizika Mlimbo, kando ya baba yako." Mlimbo kilikuwa kilima kilichokuwa na makaburi ya Itambo, ya Wakristo upande mmoja, ya Waislamu upande wa pili. "Na nikifika huko, jambo la kwanza nitamuuliza bomba liko wapi. Nimechoka kunywa maji yenye rangi ya chai na hayana hata sukari."

"Usiseme hivyo, mama. Utapona."

"Kupona nitapona. Sijui tu ni kwa upande upi."

Akafariki alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake, katikati ya sala. Safari hii Skolastika alikuwa ameanzia juu.

*

Ofisi ya wilaya ilikuwa na madirisha mawili. Kwenye la kwanza paliandikwa VIFO, na nyuma yake alikaa Bwana Mtengeti, Afisa Idadi, akiwa amevaa kofia nyeusi kwa heshima ya kazi.

"Pole sana, mama," alisema kabla Skolastika hajasema kitu. "Nafasi zimekwisha."

"Mama yangu amefariki, afisa. Tunataka kumzika kesho."

"Nimekuelewa. Ila aje Januari."

"Atakujaje Januari, afisa, naye amekwisha fariki?"

"Mama, tuelewane." Mtengeti alishusha sauti kama daktari. "Kule nyumbani amefariki, sibishi. Ninyi ni familia, mna haki ya kuwa na maoni yenu. Lakini hapa ofisini mama yako ni mgonjwa. Na kwa takwimu zangu anaendelea vizuri."

"Sasa nifanye nini?"

"Njia ipo. Ongezeni watu. Wilaya ikizaa watoto elfu moja zaidi, inapata nafasi tisa mpya. Mama yako ningemweka ya kwanza kabisa."

"Watoto elfu moja, afisa, kabla ya kesho?"

"Nimesema njia ipo. Sikusema ni fupi." Akagonga mhuri. "Kwa usalama wa mgonjwa nitatuma mgambo alinde asije akazikwa kwa bahati mbaya."

Mgambo aliyetumwa aliitwa Pankrasi, mwanamume wa masharubu, mzaliwa wa Itambo. Alikuwa amekula ugali wa Bibi Semeni mara nyingi kuliko alivyokula kwao. Aliingia chumbani, akavua kofia, akamtazama bibi aliyelazwa chini ya shuka jeupe.

"Shikamoo, bibi," alisema, akangoja. Mazoea ni mazoea. Kisha akageuka, machozi yamemlenga. "Bi Skola, naomba unisamehe. Nimeagizwa niulize hali yake."

"Haijabadilika, mwanangu."

"Nitasema ni imara," akasema Pankrasi, akaenda kukaa mlangoni.

Jioni wanafunzi wa elimu ya watu wazima walifika msibani wote pamoja, wakiongozwa na Mwalimu Fungameza. Walisali, wakaimba, wakala maharage. Kisha mwalimu akakohoa.

"Ndugu zangu, mnajua mkaguzi anakuja kesho kuangalia kama tumemaliza mada. Nimeona kipindi na msiba viende pamoja, maana hata marehemu alipenda elimu. Naomba wafiwa mchukue madaftari."

Pankrasi akajikohoza mlangoni.

"Samahani," mwalimu akajisahihisha. "Naomba wauguzaji mchukue madaftari. Mada ya leo ni uhamiaji."

Kwa hiyo waombolezaji wa Itambo, wakiwa wamekaa mkekani, wakajifunza kwamba uhamiaji ni kitendo cha mtu kuondoka mahali anapoishi kwenda kuishi mahali pengine, kwa muda au moja kwa moja. Wakajifunza kwamba ziko sababu zinazomsukuma mtu aondoke alipo, kama njaa, maradhi na kukosa huduma. Na ziko zinazomvuta aendako, kama ndugu waliotangulia, amani na matumaini ya maisha bora.

Skolastika aliandika hadi hapo, akaacha. Alimtazama mama yake. Akayasoma upya maneno aliyoyaandika, polepole, kama anavyosoma mtu aliyeanza kusoma ukubwani, akifuata kwa kidole. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akapiga magoti.

"Bwana," alisema, "unajua sipendi uongo, na sitaki kumzika mama yangu kwa uongo. Kwa hiyo tukague pamoja. Ameondoka alipokuwa akiishi. Hiyo ni kweli. Amekwenda kuishi pengine. Hilo umetuambia mwenyewe. Ni moja kwa moja. Kilichomsukuma nakijua, kiko Kinyasi. Na baba yuko kule, anamngoja. Kama kuna mahali nimekosea, Bwana, nionyeshe kabla ofisi haijafunguliwa."

Alingoja, akaona moyo wake umetulia. Hakuonyeshwa kosa lolote.

*

Kwenye dirisha la pili paliandikwa UHAMIAJI. Skolastika aligonga. Bwana Mtengeti alinyanyuka kutoka dirisha la kwanza, akatembea hatua chache, akavua kofia nyeusi, akavaa ya kijani, akakaa.

"Habari za asubuhi, mama. Karibu. Sijakuona siku nyingi."

"Tulionana jana, afisa."

"Hapa dirisha la pili? Hapana. Dirisha hili halijui mambo ya dirisha lile. Ndivyo kazi inavyokwenda. Nani anahama?"

"Mama yangu, Semeni."

"Anahamia wapi?"

"Mlimbo."

"Sababu?"

"Kumfuata mume wake. Pia maji ya hapa yamemshinda."

"Mizigo?"

"Shuka moja na rozari."

"Vizuri, hana makuu. Usafiri?"

"Atabebwa."

"Ana mpango wa kurudi?"

Skolastika alifikiri, maana alikuwa ameahidi kutosema uongo. "Kwa imani yetu, afisa, ndiyo. Lakini tarehe haijatangazwa."

"Hakuna neno, hata treni yetu iko hivyo." Mtengeti aliandika, kisha akainua macho. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na mama. "Bi Skola," alinong'ona, "kwenye kuhama hatuna kiwango. Wizara haikuweka. Haikumwingia mtu yeyote kichwani kwamba kuna mtu anaweza kutaka kuondoka Neemani." Akagonga mhuri kwa nguvu. "Safari njema kwa mama."

Bibi Semeni alizikwa mchana huohuo kando ya mume wake. Pankrasi, ambaye kazi yake ya kumlinda mgonjwa ilikuwa imekwisha, alikuwa mmoja wa waliombeba. Skolastika alisali mpaka watu wakaanza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu mwingine. Alipomaliza, mwanamke mmoja wa upande wa pili wa kilima, ambaye baba yake mkwe naye alikuwa "mgonjwa imara" tangu juzi, alimvuta pembeni.

"Shoga, umepita dirisha lipi?"

*

Kuanzia siku hiyo hakuna mtu aliyekufa Nundu. Walihama. Walihama wazee, walihama wagonjwa, walihama watoto wachanga wengi mno, na kila aliyeulizwa ndugu yake amekwenda wapi alijibu Mlimbo. Dirisha la kwanza likaota utando wa buibui. Kofia nyeusi ya Mtengeti ikaliwa na panya.

Huko mji mkuu kijiti cha vifo kilishuka, kikashuka, kikalala. Waziri Lwambano alivishwa nishani ya dhahabu, pana kama sahani ya chai, na akayaalika mataifa yaje kujifunza. Ila kwenye chati hiyohiyo, pembeni, palikuwa na kijiti kingine kilichokuwa kikirefuka kimyakimya.

"Hiki nini?" akauliza Mtukufu Baba wa Wengi.

"Wanaohama, Mtukufu."

"Wanahama? Kutoka kwangu?" Mtukufu alikaa chini. "Wanakwenda wapi?"

"Mlimbo, Mtukufu. Wote."

Zililetwa ramani. Mlimbo haikuonekana, na jambo hilo likazidi kutia shaka. Mkuu wa Usalama akapewa siku chache za kupeleleza, akarudi amekwajuka.

"Mtukufu, habari ni mbaya. Anayeingia Mlimbo harudi. Wanapokea watu wa dini zote. Hawagombani. Hawaandamani. Hawadai nyongeza ya mshahara."

"Jeshi lao likoje?"

"Hawana jeshi."

"Na rais wao?"

"Hawana rais, Mtukufu."

Inasemekana hiyo ndiyo iliyomwogopesha Mtukufu kuliko zote. Nchi isiyo na rais, na watu wake wametulia! Aliamuru wahamiaji wote warudishwe nyumbani, kwa hiari au kwa nguvu, na Waziri Lwambano aongoze msafara mwenyewe.

*

Msafara ulifika Itambo asubuhi, mabasi matupu kwa ajili ya wahamiaji, lori la majembe ya kusawazishia njia na kamba kwa ajili ya wasio na hiari, na bendi ya matarumbeta. Kijiji kizima kilifuata mpaka Mlimbo. Waziri alishuka garini, akapandisha suruali, akatazama kilima. Akaona misalaba. Akaona mawe ya vichwani na miguuni. Akaona kaburi dogo lenye kopo la maua.

Bendi ikanyamaza bila kuambiwa.

Profesa Lwambano hakuwa mjinga. Ujinga ulikuwa kazi yake tu. Alielewa palepale. Nishani ikaanza kumwelemea kifuani. Akisema haya ni makaburi, basi hawa ni vifo, na kijiti kitainuka mpaka kitoboe dari ya ikulu. Akirudi na mabasi matupu, ataagwa kwa heshima zote kama wale wataalamu. Alimtazama Mtengeti, aliyekuja na msafara. Mtengeti alitazama viatu vyake mwenyewe. Ikabaki njia moja tu, nayo ni kuendelea kuwa waziri.

Alipanda juu ya kichuguu, akayageukia makaburi.

"Ndugu wahamiaji!" alinguruma. "Serikali yenu sikivu imekuja kuwasikiliza. Nani ana dukuduku?"

Upepo ukapita kwenye nyasi.

"Naona mko kimya. Ukimya wenu ni dalili ya utulivu, na utulivu ni sera yetu. Lakini nchi inawahitaji! Inua mkono aliye tayari kurudi." Alingoja muda wa kutosha. "Basi mmenilazimisha. Vijana, shusheni majembe."

Mayowe yakapasuka kwa wanawake. Wanaume wakasogea mbele, askari nao wakasogea. Askari wa kwanza alisimama na jembe lake mahali palipokuwa karibu zaidi na njia, na pale palikuwa kichwani mwa Bibi Semeni. Pankrasi akatoka kwenye mstari wa mgambo, akaenda kusimama kati ya jembe na kaburi.

"Toka hapo, wewe!"

"Nauliza hali yake, afande," Pankrasi akasema kwa sauti nyembamba. "Ndiyo kazi niliyopewa."

Skolastika alikuwa ameshapiga magoti. Alisali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, "Bwana, nipe maneno ya kweli na yenye adabu," akanyanyuka, akapiga hatua mbele.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa ya kusema. Huyu hapa ni mama yangu. Ndiye wa kwanza kuhama."

Waziri alimgeukia kama mtu anayezama aliyetupiwa kamba. "Ahaa! Tuambie. Kwa nini alituacha? Serikali ilimkosesha nini?"

Watu wote wakasogea kusikia. Neno moja lililotamkwa vibaya, na mama yake angelala tena kwenye kitanda chake cha kamba kungoja Januari.

"Tumefundishwa darasani, mheshimiwa, kwamba mhamiaji ana vitu vya kumsukuma na vitu vya kumvuta. Waliomo hapa walisukumwa na maji ya Kinyasi. Wengine walisukumwa na zahanati ambayo haipo. Yule mdogo, mwenye kopo la maua, alisukumwa na njia, maana mkunga anakaa mbali na mvua ilinyesha."

"Na kilichowavuta?"

"Ndugu waliotangulia. Na ahadi waliyopewa."

"Na nani?" Waziri alikunja uso. "Chama gani?"

"Na Mungu, mheshimiwa."

"Aliwaahidi nini?"

"Kwamba hawataona njaa tena, wala kiu, na machozi yao yatafutwa."

 Waziri alikuwa ameshiriki chaguzi nyingi, na alijua ahadi nzuri akiisikia. "Ametekeleza?"

"Tunaamini hivyo. Hakuna aliyerudi kulalamika."

"Huyo ni mshindani mkubwa," waziri alinong'ona, zaidi kwa nafsi yake. "Sasa wewe unashauri nini?"

"Kwa nilivyomwelewa mwalimu wetu, mhamiaji akivutwa kwa nguvu ataondoka tena. Lililomkimbiza ndilo liondolewe. Mheshimiwa, ukiwafukua leo watakuta maji ni yaleyale. Watahama tena kesho."

Mwalimu Fungameza, ambaye hakuwahi kusema jambo hilo, aliitikia kwa kichwa kwa nguvu zote.

Uso wa Profesa Lwambano ukakunjuka taratibu. Alikuwa ameonyeshwa mlango, tena mlango wenye zulia. "Rudisheni majembe!" akapaza sauti. "Wananchi, serikali hii haimfukui... haimvuti mtu kwa nguvu. Serikali hii inashawishi! Tutaleta hapahapa Mlimbo huduma bora kuliko za mshindani wetu, mpaka wahamiaji wenyewe waone aibu, warudi!"

Bendi ikapiga. Skolastika alikwenda kwa Pankrasi, akamshika mkono.

*

Na kwa kuwa ilikuwa ni kwa ajili ya kijiti, mambo yalikwenda mbio. Bomba lilivutwa kutoka mlimani, likapita katikati ya Itambo bila kusimama, likaenda mpaka Mlimbo. Barabara ikafuata. Piramidi ya Watu ikabomolewa, mawe yake yakajengewa zahanati chini ya kilima, na mkunga mwenye pikipiki akaletwa kuwahudumia wahamiaji. Wiki ya kwanza alikaa peke yake, akifagia.

Wahamiaji hawakurudi. Lakini watu wa Itambo ni watu, na maji ni maji. Walianza kwa kuja na ndoo. Kisha mmoja akajenga kibanda karibu na barabara, mwingine akafungua duka, Mwalimu Fungameza akahamishia darasa lake kwenye ukumbi wa zahanati, Skolastika akabeba cherehani yake kichwani. Mwishoni Itambo ya zamani ikabaki na ng'ombe.

Maofisa wa wizara waliokuja kukagua waliona Mlimbo imejaa watu wanaochota maji, wanaocheka, wanaogombana kuhusu foleni. Wakaandika kwamba wahamiaji wamerudi, tena wamenenepa. Mtukufu Baba wa Wengi aliwahutubia kwa redio, akawasamehe.

Kulikuwa na tatizo moja. Vifo vilipungua kweli. Hakuna aliyeamuru, vilipungua vyenyewe, na mwaka ulipofika mwisho Bwana Mtengeti alibakiwa na nafasi nyingi ambazo hazikutumika. Wizara ikamwandikia barua kali: wilaya isiyomaliza nafasi zake itapunguziwa mwaka ujao. Ikabidi Mtengeti apite nyumba kwa nyumba na kofia nyeusi mpya, akiwabembeleza wazee.

"Mzee, hufikirii kabisa? Hata kidogo?"

"Niache, kijana. Nimepanga foleni ya maji."

Skolastika alikuwa na desturi ya kupita kaburini asubuhi, kabla ya kufungua cherehani. Bomba la Mlimbo liliwekwa njiani, pale waziri aliposimama, hatua chache tu kutoka kichwani mwa Bibi Semeni. Pankrasi sasa alikuwa mgambo wa bomba. Kazi yake rasmi ilikuwa kuwasajili wahamiaji wanaporudi.

"Shikamoo, Bi Skola."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi hajarudi bado?"

"Bado."

"Akirudi unijulishe, nimwandike."

"Siku atakayorudi, Pankrasi, hata wewe hutakumbuka kushika kalamu."

Akakinga kikombe. Maji yalikuwa meupe, mtu aliweza kuona hadi kitakoni mwa kikombe. Kama yangekuja mwaka uliopita, mama yake angeyanywa akiwa hai. Aliliwaza hilo kila asubuhi, na kila asubuhi alilikabidhi kwa Mungu, na siku iliyofuata akalikuta limerudi. Katika Neemani ilimpasa mtu aondoke kwanza ndipo afuatwe na huduma.

Alipiga magoti, akamimina nusu ya kikombe juu ya udongo.

"Mama," alisema, "ulitaka kumuuliza baba bomba liko wapi. Usimsumbue. Liko hapa."

Nusu iliyobaki akainywa mwenyewe, kisha akaanza sala yake, kutoka kileleni kuja chini, na siku hiyo alifika mpaka kwa wachanga.